Chawa hawafukuzwi kwa mafuta ya taa

Mtoto akionekana anajikuna kichwa, watu hukimbilia kusema ni mchafu. Si kweli. Chawa anafuata damu, na nywele safi anazikaa vilevile. Haruki wala hapai. Anatambaa tu kutoka kichwa hadi kichwa watoto wanapogusana.

Kosa kubwa zaidi ni kumpaka mtoto mafuta ya taa kichwani. Yanaunguza ngozi, na karibu na moto yanaweza kumgharimu mtoto maisha. Kuosha kwa maji peke yake nako ni bure: chawa hujikaza kwenye unywele na kuvumilia maji kwa saa kadhaa.

Kinachosaidia ni kitana chenye meno yaliyobanana. Lowesha nywele, paka kondishena nyingi, kisha chana kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, ukifuta kitana kwa kitambaa cheupe kila mara. Utaona vidudu vya kahawia, vidogo kama ufuta. Mayai yamegandia kabisa karibu na ngozi, nayo huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, ndiyo maana kuchana mara moja hakutoshi. Rudia kila baada ya siku 3 au 4, kwa wiki 2 angalau. Inachosha, hasa mtoto asipotulia. Na kagua vichwa vya nyumba nzima, chako kikiwemo.