Baba Hakufa Msalabani

Juzi kwenye jumuiya yetu hapa Kisumu, mzee mmoja ninayemheshimu alifumba macho akaomba, "Baba, tunakushukuru kwa kutufia msalabani." Wote tukaitikia amina. Hata mimi katekista, ulimi ulinitangulia. Aliyekufa msalabani ni Mwana, si Baba.

Si yeye wa kwanza, na nikitafuta chanzo nakuta mfano ule ule wa kuelezea Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu: maji, barafu na mvuke. Kitu kimoja, sura tatu. Wengine wanasema mtu yule yule nyumbani ni baba, kazini ni dereva, kwaya ni mwimbaji. Nilipoanza kufundisha niliutumia mwenyewe nikapigiwa makofi. Kumbe nilikuwa namfufua Sabellius, mwalimu wa Roma, karne ya 3, ambaye kwake Mungu ni mmoja tu anayebadilisha vinyago. Mwalimu mwingine, Praxeas, alipofundisha kitu cha namna hiyo, mwandishi Mkristo Tertullian alimcheka: huyu amemsulubisha Baba!

Mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Nisea 325 na Konstantinopoli 381 mnaijua, Kanuni ya Imani mnaisali. Mimi nataka tukae kwenye neno "nafsi". Shuleni tulifundishwa nafsi ya kwanza mimi, ya pili wewe, ya tatu yeye. Sasa msikilizeni Yesu Getsemani: si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe. Pale Yordani, Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni. Barafu imewahi kuuambia mvuke "wewe"? Yule dereva atampigia simu nani nyumbani, kama baba mwenye nyumba ndiye yeye? Kila Misa padre anamwomba Baba kwa njia ya Mwana "anayeishi na kutawala nawe katika umoja wa Roho Mtakatifu". Hiyo "nawe" ni herufi nne tu, lakini inayeyusha barafu yote.

Basi nikajiona bingwa, mpaka kijana wa boda akanyosha mkono: "Mwalimu, wakiitana wewe na wewe, si watakuwa miungu watatu?" Ameshika penyewe. Watu watatu wakiongea wana nia tatu. Utatu una nia moja. Halafu yale maneno ya Getsemani, kwa fundisho la mtaguso wa mwaka 681, yanatoka kwenye utashi (nia) wa kibinadamu wa Yesu, si wa kimungu. Kwa hiyo shahidi wangu niliyemtegemea zaidi anachechemea. Bado namtumia, ila siku hizi sipazi sauti.

Mtaniuliza yote haya ya nini. Ni kwa sababu ya matanga. Mama aliyezika mwanawe aliniambia, "Katekista, siwezi kuomba. Nikifungua mdomo ni kilio tu." Mungu wa vinyago angekaa ng'ambo kumsubiri huyu mama atafute maneno. Lakini Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na mistari michache mbele, kwamba Kristo naye anatuombea mkono wa kuume wa Mungu. Mazungumzo yalishaanza kabla yake, na kile kilio kimo ndani. Nilimwambia alie tu. Mfano wa maji ungenisaidia nini pale?

Yule mzee sijamwambia kitu. Jumuiya ijayo zamu ya kuongoza sala ni yangu. Nitaanza na "Baba", nitafika polepole kwenye "nawe", nione kama atafumbua jicho.