Je, wajua kwa nini baadhi ya sarafu za michezo huuzwa mara tatu ya bei ya madini yaliyomo?

Mwaka 2014 kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kilitoa sarafu ya dola 1 ya kuadhimisha ukumbi wa magwiji wa besiboli. Haikuwa bapa: upande mmoja umebonyea kama glavu ya mdakaji, wa pili umevimba kama mpira. Uzito ni gramu 26.73, na asilimia 90 ni madini ya fedha, yaani gramu 24 hivi za fedha tupu. Siku hizo aunsi ya gramu 31.1 ilikuwa karibu dola 20, kwa hiyo fedha iliyokuwemo ilikuwa na thamani ya kama dola 15 na nusu. Sarafu yenyewe iliuzwa takribani dola 50.

Tofauti hiyo ilikwenda wapi? Dola 10 zilikuwa mchango uliowekwa na sheria, zikaenda moja kwa moja kwa ukumbi huo. Zilizobaki zililipia kazi: kibati bapa hubanwa kati ya muhuri uliobonyea na muhuri uliovimba, na mihuri ya namna hiyo ni kazi ngumu kuitengeneza bila ukingo wa sarafu kuharibika. Ongeza sanduku, cheti, matangazo na faida. Siku utakapoiuza tena, mnunuzi hatakurudishia hata senti ya ule mchango. Atalipa madini, pamoja na kile ambacho hamu yake inamtuma kuongeza.

Hamu hupanda na kushuka. Sarafu 400,000 za fedha za toleo hilo ziliisha zote kwa sababu kiwanda hicho hakikuwa kimewahi kutoa sarafu iliyopinda kabla ya hapo. Mwaka 2020 kikarudia ufundi uleule kwa mpira wa kikapu, na mshangao wa kwanza haukuwepo tena. Kitu kikitegemea mshangao, anayekuja wa pili hulipa bei ya kiwandani kisha akakosa wa kumuuzia.

Mfano mkongwe tunaujua vizuri huku kwetu, ingawa kwa sababu nyingine. Michezo ya Montreal ya 1976 Tanzania iliisusia, na Filbert Bayi, kijana wa Karatu aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.16, hakukutana na mpinzani wake John Walker wa New Zealand. Kanada ilitoa sarafu 28 za fedha kwa michezo hiyo, za dola 5 na dola 10, fedha ya asilimia 92.5. Zilitolewa nyingi kupita kiasi. Leo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya fedha iliyomo, na kisanduku kizuri hakiongezi kitu. Vivyo hivyo sarafu ya peso 25 ya Mexico 1968, mwaka ambao John Stephen Akhwari alimaliza marathoni goti likiwa limefungwa bendeji. Ina gramu 22.5, asilimia 72 fedha, na zilichapwa zaidi ya milioni 27. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo ya kuanzia: michezo ipo, historia ipo, na hulipi sana zaidi ya madini.

Kinyume chake ni senti 50 za Uingereza za Olimpiki ya London 2012. Zile za matumizi ya kila siku hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Ile ya kandanda, inayochora kanuni ya kuotea, ilitoka vipande 1,125,500, vichache kuliko vya nyingine 28 zilizoingia kwenye mzunguko. Ya kuogelea ina toleo la awali lenye mistari ya maji iliyopita juu ya uso wa mwogeleaji. Mchoro ulibadilishwa, ila vipande vichache vilikuwa vimeshatoka, na vipande hivyo ndivyo wakusanyaji wanavyovigombania. Hapo bei imetokana na uhaba.

Haya yanatuhusu kwa sababu AFCON 2027 ilipewa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja. Vitu vya ukumbusho vitajaa mjini. Kwanza angalia kama kuna jina la nchi na thamani iliyoandikwa. Kama havipo, hiyo ni medali tu, haijalishi inang'aa vipi. Kisha tafuta .999, .925 au .900, yaani sehemu ya fedha tupu iliyomo. Muuzaji akisema "rangi ya dhahabu" au "ya kuchovya", amekwisha kukujibu.

Akidai ni fedha ya aunsi moja, mpeleke kwa sonara, au kwa dalali wa tanzanite mwenye mizani ya kusoma gramu 0.01. Ipime kavu: gramu 31.1. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kitako. Fedha safi itasoma 2.97. Shaba iliyochovywa itasoma karibu 3.5, na shaba nyeupe ya aina ya senti 50 hukaribia hapo pia. Ikisoma 31, imekaa chini, rudia. Ikisoma juu kidogo tu, huenda kuna mapovu ya hewa pembeni, itikise. Sumaku pekee haitoshi, kwa kuwa shaba nayo haivutwi. Iliyofungwa kwenye kifuko kigumu cha kiwanda usiifungue kwa jaribio hili, maana alama ya kidole kwenye uso unaong'aa kama kioo huenda isitoke tena.

Kosa linaloua bei kuliko yote ni kuisafisha sarafu. Jivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arisha shaba hukwangua uso, na mnunuzi mwenye lenzi ataona mikwaruzo mara moja. Weusi wa fedha unatokana na salfa, na mipira ya kufungia noti ina salfa nyingi. Mifuko laini ya plastiki ya aina ya PVC huacha utelezi wa kijani, hasa Moshi wakati wa masika. Tumia kifuko kigumu cha plastiki isiyo PVC, weka ndani ya boksi pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na ubadilishe vipakiti hivyo masika yanapoanza.