Kidonge cha kichocho kinaua nini, na nini kinabaki mwilini

Kila dawa za kichocho zinapogawiwa skuli za Unguja na Pemba, baada ya wiki chache hakosekani mzazi wa kuuliza: "Mwanangu kapewa dawa, mbona bado anakojoa damu?" Jibu jepesi ni kwamba karudi mtoni kuoga, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini si kila mara. Kuna vitu ambavyo dawa haivimalizi, na hivyo ndivyo vinavyokusudiwa inaposemwa kuwa vimelea vimesalia mwilini: mnyoo, au mabaki yake, bado yumo ndani ya nyama au mishipa ijapokuwa mgonjwa amemeza dozi kamili. Kuambukizwa upya ni jambo jingine kabisa, ingawa dalili zake zinafanana.

Kichocho cha visiwani kwetu ni cha mkojo. Konokono wa maji baridi hutoa vijidudu vyenye mkia, navyo huchukua dakika chache tu kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au aliyeingia bonde la mpunga. Mkia hukatika, kinyoo kikaingia damuni, kikapita mapafuni, kikakulia kwenye ini. Huko dume na jike hupatana, kisha wote wawili huhamia kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Tangu kuingia hadi jike aanze kutaga hupita kama miezi miwili au zaidi.

Sasa dawa yetu, prazikwanteli, humpata vizuri mnyoo aliyekomaa. Yule mchanga, wa wiki tatu au nne hivi, haimwezi sana. Na haikai damuni kumsubiri akue, kwani baada ya saa chache sehemu kubwa imeshatoka. Kwa hiyo mtoto aliyeoga bwawani wiki tatu kabla anaweza kupimwa kwa fimbo ya urefu, akahesabiwa vidonge vyake, akavimeza vyote mbele ya mwalimu huku amekunja uso kwa uchungu, na bado minyoo michanga ikaendelea na safari yake. Hapo hakuna aliyekosea, si mtoto wala mwalimu. Ndiyo sababu daktari huweza kurudia dozi baada ya wiki kadhaa.

Hata minyoo mikubwa haifi yote. Inaishi ndani ya damu, mbele ya askari wote wa mwili, kwa miaka mitatu hadi mitano na pengine zaidi sana, kwa sababu inajipaka chembe za mwenyeji wake, mithili ya mgeni aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba. Dawa huingiza kalsiamu kwa wingi katika mwili wa mnyoo, misuli yake ikakakamaa na ngozi yake ikaharibika. Hapo kinga ya mwili humtambua na kusaidia kummaliza. Wachache wakinusurika, mayai hupungua mno hata kipimo kikayakosa. Mkojo huchukuliwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na mililita 10 huchujwa na kuangaliwa kwa darubini. Yai lililo adimu huweza lisiwemo katika hizo 10.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kinachosahauliwa zaidi ni mayai yenyewe. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba nchani, na si yote yanayofanikiwa kutoka. Mengi hunasa katika ukuta wa kibofu. Mwili huyazungushia uvimbe mdogo, yai hufa baada ya wiki chache, kisha hugeuka chokaa na kubaki pale pale. Hakuna kidonge cha kuyatoa. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kuwa ameyaona mayai hayo, yamekuwa chokaa, ndani ya figo za maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, zenye umri wa karibu miaka 3,000. Baada ya tiba uvimbe mwingi hupoa, khasa kwa watoto. Lakini kovu la miaka mingi hukaza kibofu, huziba njia ya mkojo hadi figo zikajaa, na huweza kuleta saratani ya kibofu.

Kwa wanawake mayai hunasa pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda na damu baada ya tendo la ndoa. Wengi hutibiwa maradhi ya zinaa bure, wakaingiwa na fedheha wasiyostahili. Mkojo wao huenda hauna yai hata moja.

Matende na mabusha, yanayoletwa na minyoo ya aina nyingine, yana hadithi ya karibu na hii. Dawa zilizoanza kugawiwa Zanzibar nzima mwaka 2001 huondoa vijinyoo vichanga damuni, vile ambavyo hupimwa usiku kwa sababu ndipo vinapotembea. Wazazi wa vijinyoo hivyo wamejificha katika mishipa ya limfu, yaani ya majimaji ya mwili, kwa miaka, wakidhoofishwa na dawa bila kufa wote, na ndiyo maana watu waliambiwa wameze mwaka baada ya mwaka. Busha lililokwisha kujaa, kwa upande wake, halishuki kwa vidonge hivyo. Hilo ni la kupasuliwa.