Maji kutoka kwenye paipu yakiwa moto si lazima bwawa lipate joto haraka

Wenye kabwawa kadogo nyuma ya nyumba wengi wanaijua hii njia ya bei rahisi, unazungusha paipu nyeusi juani, unaweka pampu ndogo, maji yanapita yanarudi bwawani. Imani iliyopo kitambo ni kwamba ukibana koki maji yapite polepole yatoke moto, ndo bwawa litapata joto haraka. Inaeleweka kabisa, maana ukiweka mkono unahisi moto kweli.

Ila mkono unahisi nyuzi joto tu, hauhisi maji ni mengi kiasi gani. Paipu ikiwa moto sana inapoteza joto kwenye hewa, hasa kukiwa na upepo, lakini maji yakipita kwa kasi paipu inapoa kidogo na joto kubwa zaidi la jua linaishia kwenye maji. Pima mwenyewe, kinga ndoo uone ni lita ngapi kwa dakika, zidisha na nyuzi zilizoongezeka. Mfano nusu lita ikipanda nyuzi 15 unapata 7.5, lita 5 zikipanda nyuzi 2 unapata 10, yaani yale ya uvuguvugu yamebeba joto zaidi.

Halafu kuna ukubwa wa bwawa na wa paipu. Lita 5,000 kupanda nyuzi 1 tu ni kama yuniti 5.8 za umeme (yuniti moja ni kilowati 1 kwa saa zima), na jua kali la mchana ni kama kilowati 1 kwa mita ya mraba, so paipu zilizotandazwa kwenye mita moja ya mraba zinahitaji karibu masaa 6 hata zisipopoteza chochote. Na usiku funika bwawa jamani, maji yakigeuka mvuke ndo joto linaondoka kwa wingi, hata nailoni tu inasaidia sana.