Kwa nini breki hupiga kelele asubuhi, na kwa nini pedi ya ndani huisha kabla ya mwenzake?

Mtu anayelaza gari Paje, Jambiani au hata Mazizini, hapa Unguja, anaujua mlio huu. Asubuhi akitoka, breki ya kwanza inakwaruza, ya pili inapungua, akifika barabara kuu kimya. Wengi huamini pedi zimekwisha, na mara nyingi hazijakwisha. Diski ya breki, ile sahani inayozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi, ni chuma cha kusubu, na pale pedi inapobana hapapakwi rangi. Usiku umande unatua juu yake, na upepo wa baharini unaleta chumvi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu huendeshwa na mkondo mdogo wa umeme ndani ya chuma chenyewe. Ndiyo maana kwetu usiku mmoja unatosha kuivika diski utando wa rangi ya chungwa. Pedi zikibana mara mbili tatu, utando umeondoka.

Kuna mlio mwengine, na huu usiupuuze. Pedi nyingi zina kibati cha chuma kilichopindwa ubavuni, kimewekwa makusudi. Pedi ikibakia kama milimita 2 au 3, ncha ya kibati inagusa diski na kupiga mluzi mwembamba gurudumu likizunguka. Pedi mpya ya gari ndogo huwa na milimita 10 hivi. Ukiendelea kuendesha, chuma cha mgongo wa pedi kinaifikia diski, na hapo hununui pedi peke yake, unanunua na diski.

Sasa hilo la pedi ya ndani. Gari nyingi tunazoendesha, za kina Vitz na IST, zina kalipa, yaani kile chombo kinachozibana pedi kwenye diski, yenye pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inaibana pedi ya ndani kwenye diski. Diski haisogei, kwa hiyo kalipa yenyewe inateleza kinyume juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane upande wa pili. Kazi yote imebebwa na pini hizo. Zimepakwa grisi na kufunikwa na vipira. Kipira kikichanika, maji ya chumvi yanaingia pamoja na lile vumbi jeupe la mawe ya matumbawe kwenye njia zetu za ndani, na pini inakwama. Pistoni inaendelea kuisukuma pedi ya ndani, lakini kalipa haitelezi. Ya ndani inalika, ya nje inabaki karibu mpya. Kwangu mimi, kubadilisha pedi bila kuzigusa pini ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayofanywa mara nyingi.

Ukitaka kuifanya mwenyewe, simamisha gari pahala tambarare na pagumu, maana kwenye mchanga jeki inazama. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua, kisha weka stendi. Usiingize mwili chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Toa tairi, fungua boliti ya chini ya kalipa, inyanyue, utoe pedi. Ukiitoa kalipa nzima, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki. Vumbi usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali.

Chomoa pini uitazame. Nzima huteleza kwa kidole na kutoka inang'aa. Mbovu hutoka kwa kuzungushwa na kuvutwa, grisi imekauka nyeusi kama lami, na chini yake kuna madoa mekundu ya kutu. Isafishe, uipake grisi maalumu ya breki, ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, na pini itakwama tena. Kipira kilichochanika usikirudishe.

Pistoni irudishe ndani taratibu kwa kibano, huku ukiiangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, kwani mafuta hayo yanakula rangi ya gari. Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, au yote mawili ya nyuma, la sivyo gari itavuta upande mmoja. Ukimaliza, kabla gari haijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Usipofanya hivyo, mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini na gari haitosimama.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu haikauki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi joto 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Pemba, ambako njia hupanda na kushuka vilima, breki hupata moto kuliko Unguja. Mafuta yakichemka unakanyaga mvuke. Yabadilishe kila miaka miwili.

Tukiacha breki, kubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, ni kazi nyepesi zaidi. Kila cheche inakula chembe ya ncha ya plagi, uwazi unapanuka, cheche inataka umeme mkubwa zaidi kuuruka, na siku inaposhindwa injini inatetemeka gari ikiwa imesimama. Za nikeli hubadilishwa kwenye kilomita 30,000 hivi, za iridiamu kwenye 100,000. Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye baadhi ya IST, ina plagi nne, kila moja chini ya koili yake, inayoipa umeme wa cheche, na koili hushikwa na boliti ya namba 10. Subiri injini ipoe, maana kichwa chake ni alumini na uzi wake unaharibika kwa urahisi. Ondoa mchanga ulio shimoni kabla ya kufungua, na plagi mpya ianze kuingia kwa vidole, bila spana.

Za zamani zipange kwa mfuatano zilivyotoka. Ncha ya hudhurungi ni salama. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi, weupe uliounguzwa ni joto kupita kiasi, na ncha iliyolowa oili maana yake oili inaingia ndani ya silinda. Ikiwa moja tu imetofautiana na wenzake, mpelekee fundi plagi hiyo, umwambie imetoka silinda ya ngapi.