Kwa nini baiskeli mpya ya milimani inalewa sokoni na kutulia mteremkoni

"Fundi, hii baiskeli inalewa."

Aliyesema hivyo ni kijana anayewatembeza wageni msitu wa Amani. Alikuja kibandani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, akisukuma mauntenbaiki ya inchi 29, bado inanuka mpira mpya. Nikaizungusha mtaani. Kweli bwana: ukienda polepole, usukani unataka kuangukia upande kama mbuzi anayegoma kamba. Nikakagua beringi, nikatazama kama uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umepinda. Nzima kabisa.

Hapo nikafanya kosa la fundi mzee. Stemu, yaani kile kipande kinachofunga usukani juu ya shingo (lile bomba la mbele la fremu linalopitisha uma), ilikuwa fupi mno machoni pangu: milimita 45. Nikaitoa, nikamwekea ya milimita 100 kutoka kwenye baiskeli kuukuu. Mjini akafurahi, usukani ukapoa. Baada ya siku nne akarudi na kiwiko kimechubuka. Kona za kushuka kutoka Amani kwenda Sigi zilimshinda: gurudumu la mbele lilizama kwenye korongo, yeye akapaa juu ya usukani. Nilimrudishia hela. Kisha nikakaa chini na ubao, chaki na timazi ya jirani yangu mwashi, nikaanza kupima.

Ukitaka kupima nawe, fanya hivi. Simamisha baiskeli wima. Laza ubao mnyoofu ubavuni mwa shingo ya fremu, ufuate mlalo wake mpaka chini, na pale unapogusa sakafu piga alama. Kisha dondosha timazi kutoka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, piga alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo mimi nauita mkia. Ndio unaoeleza tabia ya usukani kuliko kitu kingine chochote. Tairi inagusa ardhi nyuma ya mahali usukani unapolenga, kwa hiyo inaburutwa na kujinyoosha yenyewe, sawa na vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyogeuka na kufuata nyuma ukisukuma. Mkia mrefu, baiskeli inang'ang'ania kwenda mbele. Mkia mfupi, inageuka ukiitazama tu.

Mauntenbaiki za miaka ya 1990 zilikuwa na shingo iliyosimama nyuzi 71 hivi kutoka ardhini; nyuzi zikipungua, shingo imelala zaidi. Kwa gurudumu la inchi 26, mkia unakuja kama sentimita 7 na nusu. Ya yule kijana ni nyuzi 65, gurudumu ni kubwa zaidi, na mkia umepita sentimita 12.

Sasa ulevi. Shingo ikilala, usukani ukigeuka kidogo tu mbele ya baiskeli inashuka kidogo, na uzito wako unalisukuma gurudumu ligeuke zaidi. Kutoka baiskeli ya miaka ya 1990 hadi ya kijana, nguvu hiyo imeongezeka karibu mara mbili. Ukiwa na mwendo, mkia mrefu unaishinda. Ukiwa unakwepa matenga ya nyanya kwa mwendo wa mguu, haushindi, na ndipo unapohisi baiskeli imekunywa.

Wazee wa mji huu watanipinga: mbona Phoenix, ile baiskeli yetu ya mizigo, nayo shingo imelala, na haina vituko? Nimeipima iliyopo hapa kibandani na imelala nyuzi 67. Kwa pembe peke yake ni ndugu wa mauntenbaiki ya kisasa. Lakini tazama uma wake ulivyopindwa mbele: ekseli imetangulia mstari wa shingo kwa sentimita 8 nzima, na hiyo inaula mkia mpaka unabaki sentimita 6 na kidogo. Kwa hiyo inapita uchochoroni na magunia mawili nyuma bila mbwembwe. Uma wa mauntenbaiki mpya unatanguliza ekseli milimita 44 au hapo karibu. Ndiyo maana mtu akiniuliza "shingo nyuzi ngapi?" na kuishia hapo, najua kasoma nusu ya karatasi.

Hata historia yenyewe imezunguka. Vijana wa Marin, California, waliokuwa wakishindana kushuka mlima mwaka 1976 walitumia baiskeli kuukuu nzito za mjini, shingo zimelala. Mchezo ulipokua na mbio za kupanda na kushuka zikashika hatamu, mafundi wakasimamisha shingo hadi nyuzi 71 na bomba la kiti nyuzi 73, wakafupisha fremu na kurefusha stemu mpaka milimita 120 na zaidi. Gary Fisher, mmoja wa wale wale wa Marin, ndiye aliyeanza kurudisha mambo mwishoni mwa miaka ya 1990: fremu ndefu, stemu fupi. Kampuni ya Mondraker ya Hispania ikalipeleka wazo hilo mbali zaidi kwa modeli zake za 2013.

Na hapa ndipo kosa langu lilipolala. Stemu fupi si urembo. Fremu imerefushwa mbele, basi mikono inabaki karibu palepale ilipokuwa ila gurudumu la mbele limesogezwa mbali na kifua chako. Likikwama kwenye shimo, una nafasi zaidi kabla hujapaa. Usukani wenyewe umepanuka, kutoka sentimita 56 au 58 za zamani hadi karibu 80, ili upate nguvu ya kuushika ule mkia mrefu. Mimi kwa kuweka stemu ya zamani nilimrudisha kijana juu ya gurudumu na kumwachia mkia wote. Nilichukua hasara za pande mbili.

Kiti nacho kimesogea, na hili wauzaji hawalisemi. Bomba lake limesimama kutoka nyuzi 73 hadi 77 hivi. Kwa kiti kilicho sentimita 70 juu ya ekseli ya pedeli, makalio yamesogea mbele karibu sentimita 5. Mlimani ni rehema: mbele haiinuki, na miguu inasukuma chini badala ya kusukuma mbele. Bila hivyo, baiskeli yenye shingo iliyolala ingetangatanga kila kona ya kupanda. Ila kwenye tambarare ya kwenda Pongwe uzito unahamia viganjani, na baada ya saa moja utaisikia. Mtu wa kwenda kazini na kurudi sitamshauri hizi baiskeli hata kwa bei ya mtumba. Atalipia shokapu na gharama zake, aje kulalamika mikono inakufa ganzi.

Kijana nilimrudishia stemu yake ya milimita 45. Nikakisogeza kiti nyuma sentimita moja tu, maana anaanzia safari zake Muheza na hapo mwanzo hakuna mlima. Nikamwambia kwenye kona za kushuka ainamishe kifua kuelekea usukani, asining'inie nyuma kama alivyozoea kwenye baiskeli fupi. Gurudumu lililo mbali hivyo lisipopewa uzito linateleza. Wiki iliyopita alipita kunisalimu. Kona za Sigi anazishuka vizuri. Hapa Ngamiani siku ya soko, alishuka na kuisukuma.