"Kodineti ni kodineti tu" na dhana nyingine zinazoharibu kanzidata za visima

Kila faili la visima linaponifikia kutoka kwa wachimbaji, washauri au wenye viwanda vya hapa Dar, swali langu la kwanza huwa moja: hizi kodineti (namba za mahali pa kisima) ni za datamu gani, yaani zimehesabiwa kwa mfumo upi wa marejeo? Jibu nalo huwa moja: "Injinia, kodineti ni kodineti tu, wewe ingiza." Nimeambiwa hivyo Kigamboni, nimeambiwa hivyo Mikocheni, na baadhi ya walioniambia wamesomea jiolojia chuo kikuu. Hiyo ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: kodineti ni kodineti tu, datamu ni mambo ya darasani

Kwa Tanzania, datamu ni suala la mita mia tatu. Ramani zetu za skeli ya 1:50,000, ambazo wachimbaji wa zamani walizitumia kusoma mahali pa kisima, zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, yenye elipsoidi (umbo la kihesabu la dunia) ya Clarke 1880. GPS, simu na picha za satelaiti tunazofungua kila siku zinatumia WGS84. Zote mbili zina UTM (gridi ya mita inayogawa dunia katika kanda), zote zina kanda ya 37 Kusini, zote zinaandikwa kwa E (mashariki) ya tarakimu sita na N (kaskazini) ya tarakimu saba. Lakini nukta ileile ya ardhini hapa Dar, ukiitoa Arc 1960 kwenda WGS84, N inapungua kwa takriban mita 300 na E inaongezeka kwa mita 90 na ushei.

Chukua mstari mmoja wa Excel, kisima cha upande wa Upanga kilichonakiliwa kutoka karatasi ya zamani ya uchimbaji: E 531240, N 9247860. Ukikibadilisha ipasavyo kwenda WGS84 unapata kama E 531335, N 9247560. Itazame ile N kwa makini. Kati ya tarakimu saba imebadilika moja tu, 8 imekuwa 5. Hakuna mkaguzi atakayeliona hilo kwa macho, wala karani, wala mimi. Ndiyo maana nauliza kabla sijaingiza chochote.

Ukiisoma Arc 1960 kana kwamba ni WGS84, kisima kinahamia kaskazini na magharibi kidogo. Pale Mjimwema, kisima kilichochimbwa mita mia moja kutoka ufukweni kinatokea ndani ya bahari. Hicho angalau kinajitangaza chenyewe. Cha hatari ni kile cha Goba au Tabata kinachohama mita mia tatu na kutua kwenye kiwanja kingine, ng'ambo ya mto, na hakuna anayeshtuka. Baadaye mtu anapima umbali kati ya visima viwili ili ajue kama pampu moja itavuta maji ya mwenzake, na umbali wenyewe ni wa uongo. Mwingine anachora mpaka wa maji ya chumvi pwani, na mpaka unapinda mahali ambapo chini ya ardhi haupindi. Mwingine anamshauri mteja achimbe mahali "pasipo na kisima jirani", kumbe jirani yupo, ila kwenye kanzidata amehamishwa.

Wapo wanaoamini dawa ni kununua GPS ya bei kubwa. Simu ya kawaida, mahali peupe pasipo na maghorofa, hukosea mita chache tu, na kwa mahali pa kisima cha maji hiyo inatosha kabisa. Kulipa mamilioni ili uondoe kosa la mita tano huku la mita mia tatu umeliacha ni kupoteza fedha za mteja.

Wapo pia wanaosema: basi sogeza nukta zote mita 300 kusini, tuendelee na kazi. Hapana, usifanye hivyo. Mafaili mengi ninayoletewa ni mchanganyiko, nusu yamenakiliwa kwenye ramani za karatasi, nusu yamepimwa kwa GPS. Ukisogeza zote umerekebisha nusu moja na kuiharibu nyingine, na safari hii umeiharibu kwa mkono wako. Wala usijidanganye kwamba mwaka wa kuchimba utakuonyesha ipi ni ipi. Watu wengi waliokwenda mashambani na GPS za mkononi waliziweka kwenye Arc 1960 makusudi, ili zisomane na ramani walizobeba. Kisima cha karibuni kinaweza kuwa Arc 1960, na cha zamani kinaweza kuwa kimekwisha kubadilishwa na mtu ambaye hakuandika popote kwamba amekibadilisha.

Kama wa kumuuliza hayupo, fanya hivi. Chagua visima vichache ambavyo bado vipo na vina alama inayoonekana kwenye picha ya satelaiti: tangi la juu la zahanati, nyumba ya pampu ya shule, mnara wa maji wa kiwanda. Linganisha nukta ya faili na alama yenyewe. Zikiwa zimekwenda kaskazini kwa mita 300 hivi na magharibi kidogo, zote kwa mtindo mmoja, hiyo ni Arc 1960 iliyosomwa kama WGS84. Zikiwa zimekwenda kusini na mashariki kwa kiasi hichohicho, kuna mtu alizibadilisha, kisha mwingine akazibadilisha tena. Zikiwa zimetawanyika kila upande, datamu haihusiki. Hapo kuna aliyesoma ramani vibaya, au aliyesimama barabarani kwenye gari badala ya kwenda hadi kisimani.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu. Kwenye QGIS, programu ya ramani, unaeleza kwamba data zako ni za msimbo EPSG:21037, yaani Arc 1960 UTM 37 Kusini, kisha unazihifadhi upya kwa EPSG:32737, yaani WGS84 ya kanda hiyohiyo. Programu ikikuuliza itumie mabadiliko yapi, chagua yanayohusu Tanzania. Fomula za Excel zinazopokezana kwenye makundi ya WhatsApp ziache, maana nyingi hazisemi zilitoka wapi. Na kodineti za asili usizifute kamwe. Zibaki kwenye kolamu zake kama zilivyoletwa, pembeni weka zilizobadilishwa, halafu kolamu ya datamu, ya kanda, ya chombo kilichotumika na ya tarehe ya kupima. Hizo kolamu nne ndizo ninazozipigania kila siku, na ndizo za kwanza kufutwa na watu wanaotaka faili "safi".

Wapimaji wa ardhi wataniuliza habari za TAREF11, mfumo mpya wa marejeo wa Tanzania. Kwa mahali pa kisima, tofauti yake na WGS84 ni ndogo mno kukusumbua. Andika tu kwamba ndiyo iliyotumika.

Dhana: kama kuna kosa, programu itasema

Haitasema. RockWorks, Leapfrog, Surpac na programu nyingine za kuchora miamba ya chini ya ardhi zinataka jina la shimo, X, Y, Z (yaani E, N na mwinuko) na kina. Faili likiingia bila ujumbe mwekundu, maana yake namba ni namba na majina hayajajirudia, basi. Hazijui Upanga iko wapi. Seli tupu nayo inaweza kuingia kama sifuri. Ukiona visima vyako vyote vimejikusanya kona moja ya mchoro na nukta moja iko mbali peke yake, tafuta sifuri hiyo kabla ya kutafuta kitu kingine.

Dhana: Tanzania nzima ni kanda ya 37

Dar, Morogoro, Arusha na Mtwara, ndiyo. Dodoma, Mwanza na Mbeya ziko kanda ya 36, na Kigoma iko ya 35. Mpaka wa 36 na 37 ni longitudo ya nyuzi 36, ambayo inapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma, kwa hiyo mradi mmoja wa bomba au barabara unaweza kuangukia kanda zote mbili. Kisima cha Dodoma mjini kina E inayozidi 800000. Kiandikie kanda ya 37 na kitatokea Bahari ya Hindi, mbali mashariki ya Zanzibar. Na ukichagua Kaskazini badala ya Kusini kwenye orodha ya programu, visima vya Dar vinakwenda Bahari ya Aktiki.

Dhana: nyuzi, dakika na sekunde ni desimali zenye mapambo

Latitudo ya nyuzi 6, dakika 48, sekunde 30 ni 6.8083 kwa desimali. Watu wanaandika 6.4830. Hilo ni kosa la zaidi ya kilomita 35, na kisima cha mjini kinatokea baharini kuelekea Unguja. Kulikamata ni rahisi ukiwa na faili refu: tazama tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta. Kama katika mistari mia hakuna hata moja inayozidi 59, huenda hizo ni dakika.

Alama ya kutoa mbele ya latitudo si ya hiari. Bila hiyo, kisima cha Dar kinatua kusini mwa Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Ukipishanisha latitudo na longitudo, unajikuta Hispania karibu na mpaka wa Ureno.

Dhana: mwinuko ni namba ya kujazia kolamu

Hapa nako nina neno, kwa sababu kwa visima vya pwani Z ndiyo inayoamua. Simu nyingi za Android hutoa kimo juu ya elipsoidi ya WGS84, na kimo hicho si juu ya bahari. Kwenye pwani yetu uso wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi, kwa hiyo mtu aliyesimama Coco Beach anaweza kuona kwenye simu namba kama -25. Anadhani simu imekosea, anafuta alama ya kutoa, anaandika 25. Kumbe amesimama mita chache tu juu ya bahari, kwa hiyo kosa bado ni la mita ishirini na ushei. GPS nyingi za mkononi hurekebisha zenyewe, na vifaa vya RTK (GPS za usahihi wa sentimita) hutegemea vilivyowekwa, kwa hiyo hapa pia uliza.

Kwa nini nalia na mita hizi? Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inaashiria takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Ukikosea mwinuko wa mdomo wa kisima kwa mita mbili, umekosea kina cha chumvi kwa mita themanini, na Mbezi Beach au Kigamboni hiyo ndiyo tofauti kati ya kisima cha kunywa na kisima cha kufukia. Fedha mnayotaka kununulia GPS ya kifahari, mpeni mpima mwenye leveli (chombo cha kupimia mwinuko) achukue mwinuko kutoka alama ya upimaji inayojulikana. Na aandike alipimia wapi: ardhini au juu ya kesingi (bomba linalozuia kuta za kisima). Nusu mita ya kesingi inayochomoza nayo inahesabika.

Dhana: jina la kisima ni lebo tu

Jina ndilo linalounganisha jedwali la mahali na jedwali la tabaka za miamba, la vichujio na la ubora wa maji. BH-1, BH 1 na BH01 kwa mwenye kisima ni kitu kimoja. Kwa kanzidata ni visima vitatu, na viwili kati yake havina miamba. Excel nayo inaongeza balaa lake. Shimo lililoitwa 007 linabaki 7. Visima vya Mara vilivyopewa majina kama MAR-1 vinageuzwa kuwa tarehe za mwezi wa tatu. Ifanye kolamu ya majina kuwa ya maandishi kabla hujabandika chochote. Kama tarehe zimekwishaingia, usizirudishe kwa kukisia. MAR-1 na MAR-01 zote huishia tarehe moja, kwa hiyo rudi kwenye karatasi ya mchimbaji usome jina lilivyoandikwa kwa kalamu.